Uwanja wa Kumi na Mbili

Kwa miaka sita Kokushubila aliamini kwamba mumewe hushika chaki. Adelard mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo, enzi hizo bado yuko jeshini, alipotumwa mara ya kwanza kwenda nchi rafiki kuwafundisha wanajeshi wake kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini. "Mie mwalimu tu, mama Erasmus. Ubao, chaki, basi." Na kila mara alirudi nyumbani Kibamba mzima, tena kanenepa. Kwa hiyo hata sasa, kastaafu, barua ilipokuja kumwomba arudi huko kwa miezi minne, mkewe aliitikia bila maneno mengi. Soksi alikwisha kumfulia.

Jumapili, siku nne kabla ya safari, akaja mgeni. Koplo Lusungu alikuwa mwanafunzi wa Adelard kutoka nchi ile ile, na sasa yuko Dar kwa kozi fupi. Akapiga shikamoo safi, Kiswahili chote cha kufundishwa na mwalimu wake. Kokushubila akafurahi, akamtolea bakuli la senene, panzi wa kukaanga, kitu ambacho Mhaya hampi kila apitaye njia.

Kwa adabu ya kwao, Lusungu hawezi kula chakula cha mtu bila kumsifu mwenye nyumba. Basi akamsifu.

"Mama, mzee huyu hana mfano! Tukimaliza kusafisha uwanja wa mabomu, kabla wanakijiji hawajaruhusiwa kulima, yeye ndiye wa kwanza kuuvuka kwa miguu. Viwanja kumi na kimoja! Anasema mwalimu asiyeiamini kazi ya wanafunzi wake akafundishe kwingine."

Adelard alikohoa kama aliyepaliwa, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Hasira ilimpanda Kokushubila. Miaka sita! Alimkasirikia mume kwa uongo wake, akajikasirikia mwenyewe kwa usingizi wote ule aliolala kwa raha. Mdomoni alikuwa na neno moja tu: huendi. Badala yake akamgeukia mgeni.

"Na tangu mwalimu wenu aondoke, nani anavuka?"

"Mimi, mama."

"Mama yako anajua?"

Koplo aliinamia bakuli. "Anajua ninashika chaki."

Lo! Kumbe hata uongo ulikuwa kwenye mtaala. Kokushubila alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Baba Erasmus, utakwenda. Sitaki mtoto wa mwenzangu atangulie peke yake. Ila kila uwanja, unipigie simu."

"Nitapiga, mke wangu. Nikishavuka tu, nakupigia."

"Si ukishavuka. Kabla hujaweka mguu."

Adelard alikuwa amevuka viwanja kumi na kimoja bila jasho kumtoka. Lakini huo wa kumi na mbili, atakaouvuka mkewe akijua, aliuogopa.