Taya Langu na Mashine ya Kiembe Samaki

Mwezi uliopita muuguzi alinifuta mkono kwa pamba yenye spiriti ili anitoe damu, na ile harufu kali ikanipanda puani ikanirudisha utotoni. Muuguzi akadhani naogopa sindano. Wala. Nilikuwa nimekunja ngumi kwa hasira, hasira ya mtoto wa miaka kumi, na nikaona haya, maana yeye maskini hakunikosea lolote.

Mnaonijua leo mnajua nilivyo msemaji. Basi jueni kwamba nilikuwa na kigugumizi. Si kile cha kurudiarudia neno, ambacho watu hukicheka wakakisahau. Changu kilikuwa cha kufunga. Nikifika kwenye herufi be, midomo ilikutana ikakataa kuachana, taya likakaza kama kufuli lenye kutu, macho yakanitoka. Na jina nililopewa, kwa bahati yangu, ni Batuli.

Majirani zetu wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, hawakukosa dawa. Mmoja alisema chanzo ni kwamba nilinyolewa kabla sijajua kusema. Mwengine alimshauri mama anipige upawa mdomoni, mara tatu, nikiwa sina habari. Mama, Bi Salma mshona nguo, alimjibu kwamba upawa wake ni wa mchuzi.

Kilichoniumiza ni skuli. Darasa la nne tulipata mwalimu mpya, nitamwita Mwalimu Khatibu. Siku ya kwanza alitaka kila mtoto asimame ataje jina lake. Zamu yangu ilipofika midomo ikafunga. Nikatafuta pa kutokea, nikapaona.

"Asha," nikasema. Likatoka laini kama maziwa.

Wenzangu wakaangua kicheko. Mwalimu akapitisha kidole kwenye daftari la mahudhurio, asimwone Asha.

"Unanidanganya hata jina lako?"

Nikataka kueleza, lakini kila neno nililolihitaji lilikwama. "Na jeuri juu," akasema. Nikala bakora nne, kisha nikasimamishwa uani juani mpaka kengele.

Kesho yake mama alimwendea. "Mwalimu, mwanangu hakudanganyi. Mdomo unamkamata." Akajibiwa kwa adabu zote kwamba kina mama hudekeza watoto, na kwamba anayeweza kusema Asha anaweza kusema Batuli. Mwaka mzima mama alikwenda na kurudi, na mwaka mzima niliitwa jeuri mbele ya wenzangu.

Ndipo mteja mmoja wa mama, aliyekuja kuchukua gauni, akamtajia Bi Rukia, mtaalamu wa matamshi aliyekuwa na chumba Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege. Bi Rukia alinifuta kidevu na shavu kwa spiriti, akanibandika vibandiko vyenye waya, na waya zikaingia kwenye kimashine mfano wa redio ya mfukoni.

"Hakiumi," akaniambia. "Kinasikiliza misuli yako tu. Ikikaza, kitalia. Ikilegea, kitanyamaza. Haya, nambie jina lako."

Sikuwahi kutoa sauti. Midomo ilipokutana tu, mashine ikapiga unyende. Nikaacha, ikanyamaza. Nikajaribu tena, ikalia tena. Mama akajishika kifua. "Kumbe kila siku mwanangu anabeba gunia," akasema, na machozi yakamtoka.

Tukawa tunakwenda kila Jumamosi. Nilijifunza kuushusha ule mlio: kulegeza taya, kuacha pumzi itangulie, kugusanisha midomo taratibu kama mtu anayeonja chai ya moto. Ndege zikipita juu ya paa tulingoja, kwani hatukuweza kusikia kitu. Ilichukua miezi. Siku niliyosema "Batuli" na mashine ikaguna tu, mama alipiga kigelegele mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza nani kajifungua.

Hakutosheka. Alimtaka Mwalimu Khatibu aje aone, na siku moja kweli akaja, kanzu imepigwa pasi. Bi Rukia alimbandika yeye kwanza. Akasema "Batuli", mashine kimya. Kisha nikabandikwa mimi, nikaambiwa nisilegeze, niseme kama nilivyokuwa nikisema skuli. Chumba kikajaa unyende, na sauti yangu haikutoka.

Mwalimu aliitazama mashine. Kisha akasema, "Basi si angesema?"

"Angesema kwa mdomo wa nani?" mama akamuuliza.

Mwalimu akamgeukia Bi Rukia. Alimuuliza mashine imetengenezwa wapi, akausifu ufundi wake, akaaga. Mimi hakuniambia neno. Bakora zilikoma, ni kweli, na jamaa zetu wakasema ni mtu mwema, kajisumbua kuja mpaka Kiembe Samaki. Nilipaswa kushukuru!

Utotoni niliamini mashine ndiyo iliyomshinda mwalimu, nikaipenda kama mtu. Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba haikumwambia lolote jipya. Yote aliyoyasikia siku ile alishaambiwa na mama, kwa Kiswahili safi, mwaka mzima. Aliuamini mlio wa waya aliokutana nao robo saa, akamkataa mwanamke aliyesimama mbele yake kila wiki. Taya langu lililegea, na mpaka leo siku nyengine hunikamata, nangoja, linaachia. Mimi nilikuwa na maradhi ya kusema, nikapelekwa kutibiwa. Yeye alikuwa na maradhi ya kutosikia, akaachiwa darasa la watoto arobaini.