Kelele ya Mama Pindo

Mapazia meusi ya ukumbi wa maktaba aliyashona mwenyewe, kwa hiyo Mama Pindo alijiona ana haki ya kwenda kuona yanaficha nini. Jina hilo alibandikwa na wateja: fundi cherehani huyo hakuwa mwepesi wa kumaliza kazi, ila pindo lake halikufumuka. Kazi ya mapazia aliletewa na mkutubi, dada mwembamba asiyetulia kitini. Madirisha saba yazibwe yasipitishe hata uzi wa mwanga, maana Jumamosi saa tisa alasiri wangeonyesha filamu ya kutisha kwa watu wa mtaa.

"Ya kutisha vipi?" Mama Pindo aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Ina mzimu, mama. Lakini ina ujumbe pia ndani yake."

"Watu wazima waache shughuli zao waje kutishwa, tena mchana kweupe?"

"Njoo ujionee."

Swali hilo likamganda wiki nzima. Kila aliyekuja kupimwa aliulizwa, futi ikiwa kiunoni: unapenda kuogopa? Kwa nini? Mteja mmoja alimjibu kwamba ni raha kuogopa kitu ambacho taa zikiwaka kinakwisha. Jibu hilo Mama Pindo alilitafuna, halikumezeka.

Jumamosi alimkokota wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mama mcheshi ambaye mende tu humpandisha juu ya meza. Walikaa mstari wa tatu.

Filamu ilimhusu mfanyakazi wa ndani katika jumba kubwa. Kila alipoitwa "wewe", kiungo chake kimoja kilitoweka machoni pa watu. Vilianza vidole, ikafuata mikono, hadi ukabaki ufagio unaotembea peke yake sebuleni. Ulipotokea ufagio, ukumbi mzima ulilipuka kwa mayowe. Wifi alijifunika mtandio gubigubi. Mama Pindo yeye alikodoa macho tu, akitafuta kamba inayouvuta.

Kisha mwenye nyumba akaingia jikoni. Muziki ulikuwa umenyamaza, na damu haikuwapo. Mama yule alitabasamu akaiambia hewa tupu, kwa sauti tamu kama asali: "Sisi hatukuhesabu kuwa mfanyakazi. Wewe ni mwanetu kabisa."

"Mama wee!"

Kelele ilimtoka Mama Pindo kabla hajajua ni yake. Vichwa viligeuka, watu wakaangua kicheko. Wifi akamfinya paja.

"Ufagio umepita hukutikisika, sasa hapo kuna nini?"

"Hata mimi sijui."

Na kweli hakujua. Filamu iliyobaki hakuiona sawasawa. Alikuwa anajipekua mwenyewe, kama mtu anayetafuta sindano iliyomchoma katikati ya nguo.

Taa zilipowaka, mkutubi aliuliza ni wapi watu waliogopa zaidi. Wengi walitaja ufagio. "Na aliyepiga kelele pale jikoni?"

Mama Pindo akasimama, akivuta gauni lake literemke vizuri.

"Kabla ya cherehani nilifanya kazi za ndani miaka kumi na mmoja," alisema. "Sikupigwa, wala sikutukanwa. Niliambiwa mimi ni mtoto wa nyumba ile. Mama yangu alipofariki, niliomba ruhusa nikamzike. Wakaniambia, 'Mwanetu, utatuachaje na wageni wote hawa?' Nikaona aibu. Nikabaki nikakaanga samaki. Mama amezikwa sipo." Akafikiri kidogo. "Leo ndiyo nimejua kumbe lile neno lilikuwa linanitisha."

Mzee mmoja wa mstari wa nyuma alivua kofia.

Njiani wifi alihesabu moyoni. Miaka tisa ya uwifi, na habari hii hakuwahi kuisikia. Walipofika kwa wifi walimkuta dada wa kazi anapiga pasi mashati.

"Hivi," wifi alianza, "kwenu wote wazima?"

Yule dada aliisimamisha pasi upesi. "Mama, kuna kitu nimeunguza?"

Mama Pindo akavuta kiti. "Hujaunguza kitu. Kaa hapa. Mara ya mwisho kwenda kwenu ilikuwa lini?"

Dada alimwangalia huyu, akamwangalia yule. Alikaa ukingoni mwa kiti, akahesabu kwa vidole, akavimaliza vya mikono yote miwili na kuanza tena. Alikuwa anahesabu miezi, na ilikuwa imezidi mwaka. Kisha akaanza kusimulia: bibi yake haoni vizuri siku hizi, mdogo wake amejifungua mapacha na yeye anawajua kwa picha tu.

"Mbona hukuniambia?" wifi aliuliza.

"Hukuniuliza, mama."

Ijumaa iliyofuata yule dada aliondoka na begi lake kwenda kwao kwa siku kumi, na wifi akapiga pasi mwenyewe, akaunguza mashati mawili. Mama Pindo naye alipita maktaba kumuuliza mkutubi mambo mawili: filamu nyingine ni lini, na ule ufagio, jamani, uliendaje?

"Kulikuwa na mtu amevaa nguo ya kijani mwili mzima," mkutubi alimweleza. "Baadaye wakamfuta kwa kompyuta."

"Kwa hiyo mtu alikuwepo muda wote?"

"Muda wote, mama."

Mama Pindo akatikisa kichwa, kisha akataka kujua nguo hiyo ilishonwa na nani.