Kuku wa Ghorofa ya Pili

Nyumba yetu ilivunjwa asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka. Ilikuwa nyumba ya udongo na makuti ukingoni mwa mji wa Chake Chake, na serikali ilipataka pale pahala pajengwe majumba ya ghorofa. Tuliambiwa tusihuzunike, maana majumba yakimalizika na sisi tutapewa. Tukakaa kwa watu, mara kwa shangazi yake mume wangu, mara kwa rafiki zake, mpaka majumba yakamalizika, na kweli tukapewa. Hilo silikanushi.

Tulipewa vyumba viwili na jiko, ghorofa ya pili, na choo cha kuvuta kamba. Jamaa zetu wa shamba walikuja makusudi kuitazama ile kamba ikivutwa. Mie nilichokiona kwanza ni kuwa hapana uwanja. Nilisimama dirishani nikatazama chini, nikajihisi kama mtu aliyetiwa kabatini.

Siku ya kukabidhiwa funguo tulikusanywa nje tukasomewa masharti. Marufuku kupikia kuni. Marufuku kutwanga, kwani kinu kinatikisa dari ya jirani. Marufuku kuanika karafuu mbele ya jumba. Marufuku kufuga mnyama wa aina yoyote, awe wa manyoya au wa pembe. Aliyesoma ni mwenyekiti wa kamati ya jumba letu, na alisoma polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Nilimjua vizuri. Kabla ya majumba hayo alikuwa jirani yetu, na bata wake walikuwa wakishinda kisimani kwetu wakinya juu ya jiwe langu la kufulia. Leo alilitamka neno mnyama kana kwamba hajapata kumwona.

Ilikuwa miaka ya foleni. Mchele kwa foleni, unga kwa foleni, sabuni kwa foleni, na nyama hata foleni yake haikuwapo. Mume wangu alikuwa mchukuzi bandarini Wesha. Nilikuwa na watoto wawili, na yule mdogo, niliyemwachisha ziwa karibuni, alikuwa na miguu kama njiti na nywele zimeanza kugeuka rangi. Sikuhitaji daktari anieleze. Nikapanda gari nikaenda kwetu Mtambile, mama akanipa mitetea watatu na jogoo mmoja mwekundu, mkubwa, mwenye hasira. Nikawaleta mjini ndani ya tenga nililolifunika kanga.

Nyuma ya jumba palikuwa na mteremko unaoshuka hadi kwenye bonde la mpunga, pasipotumiwa na mtu. Nikajenga kizimba kwa vipande vya mbao walivyoviacha mafundi, na mume wangu akaniletea wavu mkuukuu kutoka Wesha. Alicheka wakati ananisaidia kuufunga. Nataka hilo lijulikane, kuwa alicheka.

Mwanzoni majirani walifurahi. Mwenye mtoto mgonjwa nilimpa yai, mwenye mgeni nilimpa yai. Kisha mwenyekiti akapanda ngazi. Alibisha hodi kwa adabu, akakataa kukaa, akaniambia jogoo wangu anamwamsha kabla ya adhana. Nikamwambia basi amshukuru. Hakupenda. Akaanza kunieleza kuwa majumba haya ni maendeleo, kuwa wageni wanakuja kuyatazama, kuwa mambo ya shamba yabaki shamba. Nikamuuliza, basi mtoto wangu ale nini, ale ngazi? Akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Bibi, mie sikuja kubishana na weye. Nimekuja kukupa nafasi."

Nafasi yenyewe haikufika wiki. Nilikuwa kwenye foleni ya mchele walipokuja, yeye na vijana wawili. Niliporudi nilikuta wavu umechanwa, mbao zimekanyagwa, na mayai mawili yamepondwa yakikauka juani. Jirani wa chini aliniambia, bila ya kunitazama usoni, kuwa kuku wamechukuliwa, wamepelekwa afisini kwa watu wa usafi wa mji. Nikauweka mchele nikaenda kwa miguu. Afisini nilimkuta bwana mmoja mzee akinywa kahawa. Alinisikiliza vizuri, akashangaa. Akasema hapo hawapokei kuku, na siku ile hakutumwa mtu kwenye majumba.

Siku hizo maji yalikuwa hayapandi ghorofani, kwa hiyo wanawake wote tulichota kwenye bomba la chini, karibu na pipa la taka la nyumba ya mwenyekiti. Asubuhi ya pili nilikwenda na ndoo yangu nikayaona manyoya. Yalikuwa mekundu, yenye ncha nyeusi, yamelowa maji ya moto na kushikamana. Sikuhitaji kuyageuza. Mwenyekiti alikuwa anatoka nyumbani kwake, shati limepigwa pasi. Bombani palikuwa na wanawake wengi.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "jogoo wangu alikuwa mtamu?"

Alisimama, akamtazama kila mwanamke aliyekuwapo pale, mmoja mmoja, kisha akenda zake kazini. Kumbe jibu lilikuwa lile. Ndoo zilijaa haraka haraka asubuhi ile, na wale niliowapa mayai waliinama wakajitwika, wakaondoka. Tangu siku hiyo nikitoa salamu ngazini ilijibiwa na ukuta. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa akithibitisha kila nyumba ina watu wangapi, ili ipate mgao wake wa chakula, na hapana aliyetaka mdomo wangu umpunguzie sahani.

Mwezi ule mgao wetu ukapungua mtu mmoja. Nilipouliza dukani niliambiwa yule mdogo hayumo. Nilikuwa nimempakata. Nikamwinua mbele ya muuzaji, nikamuuliza huyu nani. Akaniambia nikazungumze na mwenyekiti. Sikwenda. Nilimwambia mume wangu aende yeye, akaenda, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliniambia mambo yamesawazishwa, lakini nimeombwa niwe na adabu. Niliona jinsi alivyolitamka neno lile, na mie nikamwona ameshaanza kuhamia upande wa pili.

Nikarudi Mtambile. Mama alinung'unika, ila akanipa mitetea wengine wawili. Safari hii sikutaka jogoo. Niliwaweka chooni, juu ya majani makavu ya mgomba, na kila asubuhi nikiwafagilia. Kamba ikivutwa walikuwa wakiruka wote wawili, mpaka wakazoea. Tatizo ni kuwa kuku akishataga hutangaza. Kwa hiyo kila nikimsikia mmoja ameanza kutetea, nilikaa kwenye cherehani yangu nikaikanyaga kwa nguvu bila ya kitambaa, chuma kikapiga kelele juu ya sauti yake. Watu wa chini lazima walidhani nimepata kazi ya kushona sare za jeshi zima. Maganda ya mayai niliyatwanga kwa chupa nikayamwaga bondeni. Mtoto akanenepa. Miguu ikajaa, akaanza kukimbia, na mie nilimwacha akimbie kwa kishindo juu ya dari ya yeyote.

Mume wangu hakuwa radhi. Kila akitaka kwenda chooni aligonga kwanza mlango, kwa kejeli, akisema hodi wenyewe. Kisha kejeli zikaisha, ikabaki hasira. Aliniambia nitawatia wote njiani kwa ajili ya kuku. Nilimjibu kuwa njiani tulishatiwa, siku ile nyumba ilipovunjwa.

Binti wa mwenyekiti alikuja kujifungua kwa wazazi wake. Alijifungua salama, lakini alipoteza damu nyingi, na baadae tukasikia hali chakula, hanyonyeshi, hainuki kitandani. Mjini kuku hakuonekana, na aliyekuwa naye alimficha. Mchana mmoja mkewe mwenyekiti akaja mlangoni kwangu. Ni mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akisema baya juu ya mtu, na wala hakuwahi kuzuia baya lolote. Aliukunjakunja mtandio wake, akaniomba kuku mmoja wa kumpikia mzazi supu.

Nilimuuliza kuku gani. Nikamwambia jumba hili halina kuku, masharti tumesomewa na mumewe. Akalia. Akasema wanajua wote, siku zote walijua, cherehani haimdanganyi mtu. Nilimwambia sina ugomvi naye, wala na binti yake, lakini mwenye kuomba na aje mwenyewe. Akashuka.

Alasiri mwenyekiti akapanda. Alisimama mlangoni, mkono ukutani, kama mtu aliyepanda ghorofa kumi. Alianza kusema amekuja kwa ajili ya mwanawe. Nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza anatafuta nini.

"Unajua ninachotafuta," akasema.

"Sijui. Sema."

Mlango wa upande wa pili wa ngazi ulifunguka kidogo. Yeye aliusikia, na mie niliusikia.

"Kuku," akasema.

Nikenda chooni nikamkamata mtetea mmoja, aliye mnene kuliko mwenziwe. Ningeweza kumfunga miguu. Ningeweza kumtia kikapuni nikamfunika, kama nilivyowaleta mie. Nilimpa hivyo hivyo, mzima, akipiga mbawa. Mwenyekiti akambana kwapani juu ya shati lake jeupe, akashuka naye, na yule kuku akapiga kelele ngazi baada ya ngazi mpaka chini, na milango yote ikafunguka. Hapana aliyecheka. Hakunishukuru, wala sikumsubiri anishukuru. Nilifunga mlango nikakaa sakafuni, na nilifurahi, furaha ya kikatili ambayo mpaka leo nikiigusa ingali moto.

Yule binti alipona. Hakunikosea kitu, na arubaini yake ilipotimia alinipelekea salamu na kipande cha sabuni, nikapokea. Baba yake naye alipona kwa namna yake. Yalipita majuma machache tu tangu arubaini, nami nilikuwa nimekwenda msibani Gombani. Nilirudi nikakuta mlango wangu uko wazi. Choo kimesafishwa, kinanuka dawa, hata jani moja la mgomba halimo. Watoto walikuwa wamekaa kitandani kimya. Mume wangu alikuwa jikoni, amenipa mgongo.

Alinieleza kuwa watu wa usafi wamekuja, safari hii wa kweli, na mmoja aliingia moja kwa moja chooni, kama aliyeelekezwa. Mwenyekiti alibaki chini. Waliambiwa wamhoji mwenye nyumba kama anataka nyumba au anataka kuku.

"Ukawaambiaje?" nikamuuliza.

"Nikamshika nikawapa."

Nilimuuliza kama wao ndio waliomshika. Akasema hapana, yeye mwenyewe alimshika, kwa vile kuku alikuwa akimkimbia mgeni na yeye alikuwa amemzoea.

Nimewahi kupigiwa kelele, nimewahi kuvunjiwa nyumba, nimewahi kuambiwa mwanangu hayumo duniani. Hakuna lililonifanya nimchukie mtu kama jibu lile. Nilikusanya nguo za watoto, nikafunga kichwa cha cherehani kwa shuka, na asubuhi nikamwomba mwenye gari ya shamba anipakilie. Mwenyekiti alikuwa mbele ya jumba akisimamia watu wanaofagia. Alinisogelea, akaniuliza kama nahama. Nikamwambia nampisha, awe na jumba safi. Akasema, "Mungu akupe kheri, bibi." Alisema kwa dhati, nadhani, na hilo liliniudhi zaidi.

Mama alinipa kipande cha ardhi chini ya mikarafuu yake, nikajenga chumba kimoja cha udongo, kisha cha pili. Nilishona nguo za watu wa Mtambile na vijiji vya karibu. Nilifuga kuku, bata, na baadae mbuzi, na sikumwomba ruhusa mtu. Mume wangu alikaa peke yake ghorofani. Alituma samaki kwa watu wanaokuja shamba, nikawapokea, na sikutuma jibu. Walikuja wazee kutupatanisha mara moja, upande wake na upande wangu, wakala, wakasema maneno mazuri, wakaondoka kama walivyokuja. Nilipata habari kuwa kamati ya jumba imeanza kumsumbua na yeye, kwamba mtu mmoja hastahiki vyumba viwili wakati wapo wenye watoto wanaosubiri. Sikumhurumia.

Nyumba walimnyang'anya kabla ya mwaka kwisha, wakapewa jamaa zake mkewe mwenyekiti. Akaja Mtambile jioni moja kwa baskeli, godoro limefungwa nyuma, sufuria zinagongana. Watoto walimkimbilia. Mie nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua. Alishuka, akasalimia, nikaitikia. Akauliza aiweke wapi baskeli, nikamwonesha kwa kidevu.

Usidhani tulizungumza. Hatukulizungumza lile jambo usiku ule, wala mwaka ule, wala mpaka alipofariki, na tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukapata na mtoto mwengine. Jioni ile niliwapikia watoto, nikapika na chakula chake. Nilimkaangia mayai, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwapo. Nikaiweka sahani mbele yake mkekani, nikakaa upande wa pili nikamtazama. Aliitazama ile sahani muda mrefu. Sikumwambia ale, na sikumwambia asile. Mwisho akanawa mikono, akasema bismillahi, akala yote mpaka akafuta mafuta kwa kipande cha muhogo.