Hotidogi kwenye Sinia

Tangu mke wangu kutangulia mbele ya haki, huu mwaka wa sita, nakula peke yangu. Sijalala na njaa hata siku moja, alhamdulillahi. Jirani yangu, mama mmoja mzaliwa wa Wete, hunipitishia bakuli la wali juu ya ukuta kila mchana. Lakini wali wa bakuli si wali wa sinia. Sisi tuliotoka Unguja tukaja kukaa hapa Ibra, mji wa bara kutoka Maskati, na wenyeji tuliowakuta, sote tunakula sinia moja, mikono pamoja, na mkubwa ndiye anayeanza. Mkubwa akitia mkono, wengine wanatia. Akiuondoa, wanaondoa.

Mtoto wangu wa kiume ni mmoja. Anaishi Amerika, ni mhandisi wa maji, ana mke na binti. Kila Ijumaa baada ya sala ya kwao, kwetu usiku, hunipigia simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

Halafu anasema yuko kazini, halafu basi. Watu hunipongeza kwamba nina mtoto asiyenisahau, nami huitikia. Sikupata kumwambia mtu kwa nini simu zetu ni fupi, ingawa mimi najua.

Aliporudi likizo ya kwanza kutoka masomoni Amerika, kijana wa miaka ishirini, alituambia siku hiyo atapika yeye. Mama yake akamwachia jiko. Alikuwa amebeba pakiti za soseji kwenye sanduku, zimegandishwa na kufungwa magazeti, tangu huko mpaka hapa. Alizichoma juu ya makaa uani, akapasua boflo, mikate midogo mirefu, akatia soseji, haradali ya manjano na vitunguu vilivyokaangwa. Akavipanga kwenye sinia kubwa la shaba, safu mbili, akalileta yeye mwenyewe mbele ya ndugu zangu na wana wao. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa moshi na furaha.

"Hii ndiyo hotidogi," alisema. "Kule ukienda uwanjani kutazama mpira, unakula hii."

Nilikwisha kunyoosha mkono. Nikauliza, "Ndani mna nini?"

"Nyama ya ng'ombe, Baba. Nimenunua kwa Muislamu."

"Na hii ngozi yake ya nini?"

Akafikiri. "Ngozi sijui, Baba. Lakini yule muuzaji ni Muislamu, anasali na sisi."

Nikaurudisha mkono. Ndugu zangu nao wakairudisha mikono yao, mmoja mmoja, na vijana wao wakafuata. Mmoja akaomba tende. Mke wangu peke yake, aliyekuwa amekaa mlangoni, alikuja akachukua moja, akasema bismillahi, akala, akachukua ya pili. Mwanangu alinyanyua sinia akalirudisha jikoni. Tangu siku hiyo hakupika tena nyumbani kwangu, wala hakukaa likizo zaidi ya wiki mbili.

Nilisoma dini kwa mashekhe tangu utotoni, na msikitini nimesomesha miaka mingi. Nimewaambia watu kwa mdomo wangu kwamba Muislamu akikukaribisha chakula chake, husemi mengi: utataja jina la Mungu, utakula, hutamhoji. Niliwaambia pia kwamba hofu ya haramu ikizidi mpaka inavunja nyoyo za watu, hiyo si ucha Mungu, ni wasiwasi. Hayo nilikuwa nayajua asubuhi ya siku ile. Mchana nikaona kwa mwanangu mwenyewe nina haki ya kuuliza mbele ya watu.

Mwaka huu, kabla ya Idi Kubwa, alinambia anatumwa kazi Maskati siku nne, na atapata mchana mmoja wa kuja Ibra. Mchana mmoja! Nikashukuru. Usiku ule nikaomba, na asubuhi nikaamua kwamba nitampikia hotidogi kwa mikono yangu, nile mbele yake, nimwombe radhi.

Sikuwa na wa kumuuliza ila mjukuu wangu, binti yake, nikampigia simu. Yeye Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini anakipenda.

"Babu! Unataka kupika hotidogi? Wewe?"

"Mimi. Nambie ndani mna nini."

Akacheka, kisha akanisomea kutoka kitabu chake cha mapishi, pole pole. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta yake, chumvi, kitunguu thaumu, giligilani, pilipili tamu nyekundu, kungumanga. Inasagwa pamoja na barafu mpaka iwe laini kama uji mzito, kwa sababu ikipata joto mafuta yanajitenga. Halafu inatiwa kwenye utumbo mwembamba wa kondoo, inapata moshi, inachemshwa. Za dukani za bei rahisi, alisema, wanachanganya kuku, na mabaki ya nyama, na unga, na chumvi ya kuhifadhi inayofanya nyama iwe nyekundu, na nyingine hazina ngozi kabisa.

Utumbo wa kondoo. Nilikaa na simu mkononi. Jambo lililonirudisha mkono lilikuwa kitu ambacho sisi wenyewe tunakiosha uani kila Idi na kukipika. Huenda zile zake zilikuwa na ngozi nyingine. Siwezi kujua tena, wala haikuwa kazi yangu kujua.

Nikamuuliza kama ni kweli wanakula hivyo wote. Akasema ndiyo, Babu, matajiri na masikini. Chakula chenyewe kililetwa na wahamiaji wa Kijerumani, wakakiuza barabarani kwa vigari. New York wanatia kabeji chachu, Chicago wanatia nyanya na achari ya matango, na ukiomba sosi ya nyanya wanakutazama vibaya. Siku ya uhuru wao kila ua una moshi. "Baba anachoma kila mwaka," alisema. "Anaalika mtaa wote. Yeye anakula mwisho, amesimama."

Nilirudia neno hilo moyoni siku kadhaa: anakula mwisho. Kwenye sinia langu yeye angetia mkono wa pili, baada yangu tu.

Nilinunua nyama na utumbo wa kondoo sokoni, nyama nikaisaga mara tatu. Utumbo niliuosha kwa chumvi na ndimu, nikaugeuza ndani nje kwa kijiti. Jirani alichungulia ukutani akaniona nimeutundika begani ili usiguse sakafu.

"Maalim! Umeanza uganga uzeeni?"

"Naosha utumbo, mama."

"Naona. Na nani atakubali kuolewa nawe na harufu hiyo?"

"Nampikia mwanangu."

Akaacha mzaha. Akaniletea faneli yake ya kumiminia mafuta, yenye mdomo mpana, akanishikia utumbo huku mimi nasukuma nyama kwa kidole gumba. Za kwanza tulizitia kwenye maji yanayotokota, zikapasuka zote. Za pili nikapunguza moto, maji yakawa yanatoa mvuke bila ya kutokota, zikatoka nzima, nyekundu kidogo, zimepinda. Zilikuwa kumi na moja.

Mwanangu alifika baada ya adhuhuri, nywele za pembeni zimeingia mvi. Aliposema shikamoo alinibusu mkono na paji la uso, na mimi nikamshikilia zaidi ya desturi. Tukakaa chini. Nikaleta sinia lile la shaba. Boflo, haradali, vitunguu, kachumbari, na soseji nilizozipitisha kwenye makaa. Alilitazama muda mrefu.

"Nani kapika?"

"Mimi. Kwa msaada wa jirani." Nikatia mkono wa kwanza, nikasema bismillahi kwa sauti, nikauma. Nikatafuna mpaka mwisho. Halafu nikasema maneno niliyoyaweka miaka mingi: "Mwanangu, siku ile nilikosa. Nilikuwa najua ninavyotakiwa kufanya, nikafanya vingine, na watu wakanifuata. Nakuomba radhi."

Alikuwa ameinama. Akachukua kipande cha boflo kikavu, akakichovya kwenye kachumbari, akala hicho.

"Baba, kula. Zitapoa."

Nilikula mbili. Yeye alikula mkate na kachumbari. Sikumhimiza. Nimefundishwa subira tangu utotoni, nikadhani naijua. Tukazungumza habari za mabomba ya maji ya Maskati, na goti langu, na mtende wa uani uliokufa kichwa. Baada ya alasiri alisimama kwenda zake. Mlangoni, bila ya kunitazama, akasema, "Nifungie zilizobaki."

Nikamfungia zote tisa kwenye foili, na haradali kwenye kikopo. Gari lilipokata kona niliingia ndani nikaosha sinia, na sinia lile kuliosha peke yako ni kazi, halienei kwenye beseni.

Ijumaa akanipigia, amekwisha fika kwake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Hakuuliza dawa. Akasema, "Zile soseji nilizila njiani. Nilisimamisha gari Bidbid, kituo cha petroli, nikala nimesimama. Nne. Nyingine asubuhi yake."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Nikataka kumuuliza kwa nini hakula pamoja nami, nilipokuwa nimekaa mbele yake na mkono wazi. Nikaogopa. Yeye mwenyewe akanijibu.

"Mbele yako bado siwezi, Baba. Nilitaka. Mkono ulikataa."

Nikasema nimefahamu.

"Lakini chumvi yake ilikuwa sawasawa," alisema, "na kungumanga nimeisikia."

Nikasema alhamdulillahi. Hakusema yuko kazini, wala hakukata simu. Nilimsikia anavuta pumzi, na nyuma yake maji yanafunguliwa jikoni, na mimi nikakaa na simu sikioni, nikingoja kama atasema jambo jingine.