Bibi Alijuaje

Basi lilimshusha mgeni mbele ya mahakama ya mji asioujua. Aliingia na vumbi lake hadi kaunta ya masjala, alikotakiwa kula kiapo kwamba pasi yake ya kusafiria imepotea. Karani alikuwa mama mnene aliyevua viatu chini ya meza, kikombe cha chai kimekaa juu ya mafaili.

"Karibu mwanangu. Kaa kwenye benchi. Huyu amekutangulia, tena ana haraka kama anayefukuzwa na nyuki."

Huyo alikuwa sajini wa polisi. Juzi wezi walikuwa wamebeba betri sita za friji ya chanjo kutoka zahanati, na sasa chanjo za watoto zilihifadhiwa kwa barafu ya kuazima. Sajini alitaka hakimu atie saini hati ya upekuzi upesi, maana betri zingehamishwa jioni hiyo hiyo.

Mama akakisoma kiapo cha maandishi alicholeta sajini, penseli mkononi. "'Mtoa habari wa kuaminika anaeleza kuwa betri zimo nyumba namba kumi na nne.' Haya. Alijuaje?"

Sajini akashusha pumzi. Mji mzima ulimwita mama huyu Bibi Alijuaje. Wengine kwa heshima, wengine kwa kusaga meno.

"Mama, mtu huyu ametupa habari mara tatu, na zote zilikuwa kweli."

"Ukweli wa mara tatu haumpi macho ya kupenya ukuta. Ameziona au ameambiwa?"

"Ameziona."

"Akiwa amesimama wapi?"

Sajini akatoka nje na simu yake kumpigia mtoa habari.

"Unaniona mkorofi, eh?" mama akamgeukia mgeni. "Nikiwa mgeni kazini niliwahi kupeleka karatasi kwa hakimu bila kuisoma. Polisi wakachana magodoro yote ya fundi cherehani mmoja, eti ana bunduki. Kumbe mtoa habari ni mpangaji ambaye fundi alikuwa amemfukuza! Nikaenda na sindano yangu, nikamsaidia kushona siku mbili. Vidole vilinivimba mpaka kalamu haishikiki. Tangu hapo nauliza."

Alisema hayo bila huzuni, kama mtu aliyekwisha kupatana na kosa lake. Kuuliza si kazi ya karani, lakini mahakimu saba walikuja wakamkuta, na wote walizoea kusoma kwanza karatasi zilizopita kwenye penseli yake.

Sajini akarudi. "Alikuwa kwenye foleni ya kinu cha kusaga. Nyumba iliyo mkabala ilikuwa na dirisha wazi, akaziona chini ya kitanda, jana asubuhi."

"Kinu? Kumi na nne iko jirani na shule, baba. Ni kwa mkunga mstaafu."

Mama akaigonga karatasi kwa penseli.

"Namba aliisoma wapi?"

"Ukutani. Imeandikwa kwa rangi nyeupe."

Mama akapiga kofi mezani, chai ikaruka. "Nyeupe ni ya idara ya maji! Ya manispaa ni kibao cha buluu. Kila nyumba hapa ina namba mbili: watu wa maji walianza kuhesabu kwenye pampu, manispaa wakaanza sokoni. Wewe una miezi miwili tu hapa, ungejulia wapi? Nusura mvunje mlango wa bibi aliyezalisha nusu ya kituo chenu!"

Sajini akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akakaa, akaandika upya: mtu aliona nini, lini, amesimama wapi, nyumba inayotazamana na kinu, ambayo mama alimtajia kibao chake cha buluu kuwa namba thelathini na moja. Hakimu alisoma mara mbili, akatia saini.

Saa tisa na nusu simu ya mama ikalia. Alikuwa sajini.

"Zote sita? ... Na mlango?"

"Kaufungua mwenye nyumba mwenyewe, mama. Tumemkuta anakula."

"Mwacheni anawe mikono. Pigeni picha kila betri kwa ajili ya kesi, uniletee ombi kesho asubuhi, mheshimiwa azirudishe zahanati. Barafu ya watu inayeyuka."

Akavaa viatu, akamalizia chai iliyopoa, akachukua mwavuli.

"Hakimu atakuapisha akimaliza kesi, mwanangu, usiondoke. Mimi leo nazungukia upande wa shule. Si njia yangu, lakini nina hamu ya kuuona ule mlango wa mkunga umesimama."

Akatoka akicheka peke yake, na mgeni akabaki kwenye benchi akisikiliza visigino vyake vikishuka ngazi.