Weupe Nilioukata

"Fundi, nyeupe yangu iko wapi?"

Hilo swali nimeulizwa leo dukani kwangu Kinondoni, na bado linanizunguka kichwani.

Aliyeuliza ni dada wa Kichina, muuza vigae wa Mbezi Beach. Aliniachia karatasi ya marehemu baba yake nimwekee fremu. Herufi za kwao, za brashi, nne tu, zimejibana kona moja. Kwingine kote karatasi tupu.

Mie na akili zangu nikaona fremu kubwa ya nini? Nikaikata karatasi pembeni, ile tupu ikaanguka chini. Nikamtolea kitu kimejaa, kimekaa safi!

Hakunigombeza jamani. Bora angenigombeza.

Alichuchumaa, akaokota vile vipande vyeupe sakafuni, akavipanga upya kuzunguka herufi.

"Baba alikuwa anaanza na nyeupe," akasema. "Anaiangalia mpaka chai inapoa. Wino mwisho."

Nikatazama. Wallahi zile herufi zilikuwa kama mtu aliyesimama uwanjani peke yake, anamngoja mwenzake.

Akakusanya vipande vyote, akaondoka navyo.

Sasa nimekaa naangalia picha ya marehemu mama ukutani. Niliikata mwenyewe kutoka picha ya harusi moja ya ukoo, kwa haraka za msiba, ili ienee kwenye fremu.

Begani kwake kuna vidole vya mtu.

Vimekuwepo hapo miaka yote. Leo ndo nimeviona.

Wanafamilia mliomo humu kwenye grupu, nani anayo ile picha nzima? Nani alikuwa amesimama pale na mama?