Kitabu cha Sita Kilipofika Kilolo

Nilikuwa nasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili wakala wa basi aliponipigia simu kutoka stendi. "Mwalimu, una mzigo wako hapa kutoka Dar. Mzito kama tofali." Hata daftari nililokuwa nimeshika sikulimaliza. Nilijua ni kitabu cha sita, cha mwisho, na nilikuwa nimekisubiri miaka saba.

Hadithi yenyewe ni ya binti mfinyanzi anayetoka kijijini kwao na kaka yake, baada ya mfalme mmoja mchawi kuyafungia maji ya mito tisa ndani ya mlima. Katika kitabu cha tatu kaka anatekwa. Katika cha nne anarudi akiwa jemadari wa mfalme huyohuyo. Cha tano kinaishia dada akiwa amesimama mbele ya lango la mlima, na aliyeshika funguo upande wa pili ni kaka yake. Hapo mwandishi akatuacha.

Nasema akatuacha kwa sababu tulikuwa wawili, mimi na mama mkwe wangu.

Yeye ni Mhehe wa Kilolo, mkulima wa viazi na njegere, mzee wa kanisa, mtu asiye na maneno mengi. Mimi ni Mnyakyusa. Mwaka nilioolewa aliteleza shambani akavunjika mguu, akaletwa kwetu Mbeya kutibiwa. Wiki ya kwanza hatukuwa na la kuzungumza. Nilikuwa namsalimia "kamwene, mama," na Kihehe changu kinaishia hapo. Nikishamhudumia, nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda chake nikisoma.

Siku moja akauliza, "Kitabu kinene hivyo, mna nini humo?"

"Hadithi tu, mama. Ya Kiingereza."

"Mimi Kiingereza sina. Wewe Kiswahili unacho. Nisimulie."

Nikaanza kumtafsiria papo hapo. Mwanzoni nilikuwa naruka kurasa, nikidhani hatajua. "Jana walikuwa na punda," akasema. "Punda yuko wapi?" Ikabidi nirudi nyuma nimtafute punda. Tangu siku ile sikuruka hata mstari mmoja. Hadi mguu unapona tulikuwa tumemaliza vitabu vinne. Cha tano nilimsomea kwa simu, Jumapili baada ya ibada, yeye akiwa amepanda kichuguu nyuma ya nyumba yake ambako ndiko mtandao unashika.

Halafu tukabishana miaka saba juu ya yule kaka. Mimi nilisema atakufa. Wasaliti wa hadithi za namna ile hufa. Yeye alikataa kabisa. "Mbona amewakataza askari wake kubomoa matanuri ya wafinyanzi? Mtu aliyesahau kwao atakumbuka matanuri?"

Basi nilipotoka stendi na mzigo wangu nilimpigia yeye kwanza.

"Umekifungua?" akauliza.

"Bado, mama."

"Usikifungue. Njoo nacho."

Shule ilikuwa inafunga wiki ileile. Kwa siku nne nilimwachia mume wangu akifiche, maana sikujiamini. Safarini nilikipakata kama mtoto. Tulipofika Makambako nilibandua karatasi, nikakinusa, nikairudisha. Mafinga malori ya mbao yakatuziba njia, na hapo uvumilivu ukaniisha: nikasoma sentensi ya kwanza. Nikaona aibu, kama mtu aliyechovya kidole kwenye mchuzi wa wageni.

Mama alikuwa amekaa mlangoni kwake na beseni la njegere. Begi hakulipokea. Alipokea kitabu, akakipima mkononi.

"Hiki kimezidi vyote."

"Ndiyo, mama."

"Sawa. Chakula utakula huku unasoma."

Tukasoma siku tatu. Sauti ikinikauka ananiletea maji ya moto yenye tangawizi, ananisimamia mpaka niyamalize, kisha anasema, "Haya." Siku ya pili jirani yake alikuja kuazima jembe. Akasimama, akasikiliza, akakaa. Kila akiuliza huyu ni nani, mama alimjibu, "Nyamaza, nitakueleza baadaye." Siku ya tatu alikuja tena, na jembe hakulitaja.

Mchana wa siku hiyo ya tatu tukafika langoni. Mfalme anamwamuru kaka atupe funguo shimoni, maji yabaki mlimani milele. Dada yuko nje, anaita jina lake. Macho yangu yalitangulia mbele ya ulimi, nikasoma kimoyomoyo mistari miwili ya Kiingereza, nikapiga kelele.

"Nini? Nini?" Mama alinishika mkono. "Sema kwa Kiswahili!"

"Amefungua, mama! Amefungua lango kwa mkono wake mwenyewe!"

Aliinuka ghafla, beseni alilokuwa akimenyea likapinduka, njegere zikatawanyika sakafu nzima. "Nilisema! Si nilisema?" Alijipiga paja, akamgeukia jirani, akanigeukia mimi. "Miaka saba namwambia huyu!" Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Ilibidi anikalishe ndipo niweze kusoma jinsi maji yalivyoteremka, mto mmoja mmoja, yote tisa.

Zikabaki kurasa chache. Watu wanamletea binti taji, analikataa. Anarudi kwao na kaka yake, wanakuta shamba limemezwa na magugu. Ukurasa wa mwisho wanapalilia mpaka jua linakuwa kali, kisha wanakaa kivulini.

Nikafunga kitabu. Mama alikikazia macho, nikaogopa hakuridhika.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, mama."

"Huyu mwandishi amewahi kulima," akasema. "Asiyelima angewaacha kwenye karamu. Ukitoka safari ndefu kinachokungoja ni shamba." Akatikisa kichwa kwa furaha. "Amemaliza vizuri. Amemaliza vizuri sana."

Jirani akamkumbusha ahadi yake ya kumweleza. Mama akasimama katikati ya chumba, akaanza kitabu cha kwanza kwa Kihehe, mikono ikipaa hewani, sauti akiibadilisha kwa kila mtu. Mimi nilipiga magoti nikiokota njegere. Sikuelewa hata nusu, lakini jirani alikuwa anaangua kicheko mahali ambapo kitabu, ninavyokumbuka, hakikuwa na utani wowote.